Bush: Miaka 100 ya Shule ya Upili ya Alliance

Kwa vizazi vingi wanafunzi wa Alliance wameiita shule yao Bush, yaani porini. Mgeni anayelisikia jina hilo leo huenda asijue limetoka wapi. Ukiondoka Nairobi kwa matatu, ukapita Kangemi, Uthiru, Kinoo na Muthiga mpaka Kikuyu, pori hulioni. Unaona nyumba za kupangisha zilizopandishwa ghorofa juu ya ghorofa, maduka ya simiti na mabati, vibao vya ploti zinazouzwa, na vijana wa bodaboda wakingoja abiria. Mji umeisogelea shule hadi ukaizunguka. Kinachomkumbusha mtu maana ya jina lile ni miti, viwanja vya michezo na utulivu wa boma lenyewe huko upande wa Thogoto, kama kilomita 20 kutoka katikati ya Nairobi.

Shule ilifunguliwa Jumatatu, tarehe 1 Machi 1926. Mwaka huu imetimiza miaka 100. Shule kama hii inapoadhimishwa kuna orodha isiyokosa kusomwa: mawaziri, majaji, wakuu wa mashirika ya serikali, maprofesa. Orodha hiyo ni ya kweli na ni ndefu, nami sitaikwepa. Ila mimi ni mtu wa Kiswahili, na katika karne hii nzima ya Alliance kuna vijana wanne ambao majina yao husikika mara chache mno panapotajwa fahari ya shule. Kwa msomaji wa lugha hii, hao ndio wa kutafutwa kwanza. Tutawakuta njiani, maana bila kujua walikuwa katika shule ya namna gani, hatutaona ukubwa wa walichokifanya.

Thogoto ni jina walilolitamka Wagikuyu baada ya kuwasikia wageni wao wakijiita Scot. Wamishonari wa Kanisa la Scotland walijenga hapo kituo chao mwanzoni mwa karne ya ishirini: kanisa, hospitali, karakana, na shule ndogo ambamo kijana aliyeitwa Kamau wa Ngengi alijifunza kusoma na kuandika kabla ya kuwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1913 madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti yalikutana papo hapo Kikuyu kujadili kama yangeweza kuwa kitu kimoja. Mjadala huo ulizua mtafaruku mkubwa hadi Uingereza, kwa sababu Waanglikana wengine hawakutaka kusikia habari ya kushiriki meza moja na Wapresbiteri. Umoja kamili haukupatikana. Kilichopatikana mwaka 1918 ni ushirikiano wa misheni nne, Waskoti, Waanglikana wa CMS, Africa Inland Mission na Wamethodisti, na ushirikiano huo ndio ulioitwa Alliance. Jina la shule, basi, ni kumbukumbu ya makanisa yaliyoshindwa kuungana katika ibada yakakubaliana juu ya darasa.

Kati ya 1913 na 1918 kulikuwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Daktari John Arthur, aliyekuwa mkuu wa misheni ya Thogoto, mwaka 1917 aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka misheni za Kikuyu kwenda kusini, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Hao walikuwa sehemu ya jeshi lile la wabeba mizigo waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, ambao jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Waliorudi hawakurudi kama walivyoondoka. Walikuwa wameiona dunia ya mzungu ikiungua, na waliporudi walidai, miongoni mwa mengine, elimu iliyozidi kusoma Injili na kupiga randa.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Kenya kuchunguza elimu ya Waafrika. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo James Aggrey, msomi wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, na wengi waliomsikia hawakuwa wamewahi kumwona Mwafrika mwenye shahada za chuo kikuu akiwahutubia wazungu na weusi katika ukumbi mmoja. Ushauri wa tume ulikuwa na kasoro yake: ulisisitiza mno elimu ya mikono na ya kijijini, kana kwamba Mwafrika asingehitaji zaidi. Lakini kuja kwa Aggrey mwenyewe kulisema jambo jingine, na vijana walilielewa. Alliance ina bweni lenye jina lake, jirani na Livingstone na Wilberforce. Katika shule iliyoanzishwa na wamishonari wa kizungu enzi za ukoloni, jina la mtu mweusi juu ya mlango wa bweni halikuwa jambo dogo.

Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa G. A. Grieves, Mskoti, aliyekaa hadi 1940. Alipokea wavulana wachache kutoka shule za misheni zilizotapakaa nchini, na kazi aliyopewa haikuwa na mfano: kuwapa Waafrika wa Kenya elimu ya upili. Watoto wa kizungu na wa Kihindi walikuwa na shule zao. Mwafrika aliishia msingi, au karakana. Misheni ziliendesha, serikali ikatoa ruzuku, na kila upande ukiwa na matarajio yake kuhusu vijana wale: makarani, walimu, wahubiri, wasaidizi watiifu wa utawala.

Matarajio hayo hayakudumu. Mbiyu Koinange alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa. Mwaka 1927 akaenda Marekani kusoma, akarudi mwaka 1938 na mwaka uliofuata akaanzisha chuo cha walimu Githunguri kwa michango ya Waafrika wenyewe, ili shule za Wagikuyu zilizojitenga na misheni zipate walimu. Shule hizo zilikuwa zimechipuka baada ya mzozo wa tohara ya wasichana wa 1929, mzozo ambao Daktari Arthur alikuwa katikati yake. Kwa hiyo kijana wa Alliance ndiye aliyewajengea chuo watu walioikimbia misheni iliyoizaa Alliance. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho mwaka 1952. Eliud Mathu, mwingine wa kizazi hicho, akawa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944. James Gichuru alisoma Alliance, akafundisha Alliance, akaongoza chama cha KAU kisha mwaka 1947 akampisha Kenyatta. Oginga Odinga alipita hapo kutoka Maseno. Hawa wote ni zao la miaka ya Grieves, miaka ambayo masimulizi mengi huipita mbio ili yamfikie mtu aliyemfuata.

Mtu huyo ni Edward Carey Francis. Alikuwa mhadhiri wa hisabati Cambridge, akaacha kazi hiyo mwaka 1928 kuja kuwa mwalimu mkuu Maseno chini ya CMS, na mwaka 1940 akahamishiwa Alliance, akakaa hadi 1962. Miaka 22 kwa mtu mmoja! Ndiyo maana hata leo watu wazima waliosoma baada yake wanamzungumzia kana kwamba walimwona. Alikuwa mkali wa saa, wa usafi, wa hesabu zilizoandikwa kwa mpangilio. Aliamini uwanja wa mpira unafunza tabia sawa na kanisa. Hakuoa, shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Kuhusu siasa za Waafrika alikuwa mgumu. Wengi wa vijana wake walikuja kudai uhuru ambao yeye hakuona kwamba wakati wake ulikuwa umefika, na sioni sababu ya kulificha hilo katika mwaka wa sherehe. Lakini jambo moja linanifanya nimheshimu kuliko matokeo yote ya mitihani aliyoyaacha. Alipostaafu mwaka 1962 hakurudi Uingereza kupumzika. Alienda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato kidogo mashariki ya Nairobi, akafundisha shule ya upili ya huko kama mwalimu wa kawaida hadi alipofariki mwaka 1966. Wakati huo waliokuwa wanafunzi wake walikuwa wakiendesha serikali.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya wapigania uhuru wa msituni, Alliance ilijikuta mahali pabaya kuliko shule yoyote ya Kenya. Ilikuwa katikati ya nchi ya Wagikuyu, na wengi wa wanafunzi wake walitoka katika nyumba ambazo kaka yuko msituni, baba yuko kizuizini, na jirani yuko kwa walinzi wa serikali. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia kidato cha kwanza Januari 1955. Amesimulia jinsi alivyokataliwa kupanda treni ya abiria kule Limuru kwa kukosa kibali cha kusafiri, wanafunzi wenzake wakaondoka wakamwacha kwenye stesheni, hadi mfanyakazi mmoja wa reli alipomhurumia akamwingiza kwenye behewa la mizigo mpaka Kikuyu. Ndivyo mwandishi mkubwa wa Kenya alivyofika Alliance. Muhula ulipokwisha akarudi nyumbani, akakuta nyumba hakuna. Kijiji chote kilikuwa kimebomolewa na watu kuhamishiwa Kamirithu, vijiji vile vya kulazimishwa. Kumbukumbu zake za miaka minne ya Alliance, zilizochapishwa mwaka 2012 kwa jina In the House of the Interpreter, zinaionyesha shule kama kimbilio na wakati huohuo kama mahali palipomfundisha kuitazama nchi yake kwa macho ya mwingine. Ngũgĩ alitutoka tarehe 28 Mei 2025, miezi tisa tu kabla ya shule yake kutimiza karne.

Na katika miaka hiyohiyo ya hofu, vijana wa Alliance walikuwa wakiandika michezo ya kuigiza kwa Kiswahili.

Hapa sina budi kusimama. Shule ilikuwa na desturi ya kuigiza mchezo mmoja wa Shakespeare kila mwaka, na desturi hiyo ilipewa uzito wote: walimu, mavazi, mazoezi ya wiki nyingi, wageni waalikwa. Kiingereza kilikuwa lugha ya darasa, ya kanisa, ya cheti cha Cambridge na ya kupanda ngazi. Hakuna mtihani uliomdai mwanafunzi atunge tamthilia ya Kiswahili, na karibu hakukuwa na tamthilia za Kiswahili zilizochapishwa ambazo angeweza kuzichukua kama kielelezo. Henry Kuria akaandika Nakupenda Lakini. Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini. B. M. Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi. Gerishon Ngugi akaandika Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi. Ziliigizwa na wanafunzi wenyewe, nyingine zikatoka nje ya shule na kuchezwa mbele ya wananchi wa kawaida, hadi Nakuru katika ukumbi wa Menengai. Ya Kuria ilichapishwa mwaka 1957, na katika historia ya fasihi yetu inahesabiwa kuwa miongoni mwa tamthilia za kwanza kabisa za Kiswahili kuingia kitabuni. Ya Gerishon Ngugi ilitoka mwaka 1961.

Soma tena anwani zile nne. Mapenzi yenye kizuizi. Swali la maisha. Mtu anayesakwa na polisi. Uchawi na upweke. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakizungumzwa mitaani Pumwani na Bondeni, kwenye mabasi, kwenye mabweni taa zikizimwa. Tamthilia zenyewe si kamilifu. Wahakiki wamezilaumu kwa mtindo wa kufunza maadili waziwazi na kwa kukwepa mambo makubwa ya siasa wakati nchi inawaka moto. Lawama hiyo ina ukweli, lakini naiona haina huruma. Mwaka 1954, mwaka wa Operesheni Anvil, maelfu ya wanaume wa Nairobi walizolewa barabarani na kupelekwa kambini. Mwanafunzi Mgikuyu aliyesafiri kilomita chache bila karatasi angeweza kukamatwa. Kumtaka kijana huyo aandike tamthilia ya siasa chini ya paa la misheni ni kumtaka mengi. Alichoweza kufanya ni kuchagua lugha, na uchaguzi wa lugha ulimfungulia mlango wa hadhira ambayo Shakespeare wa shule asingeifikia kamwe: mama muuza mboga, fundi wa reli, karani wa ofisi, wote katika ukumbi mmoja, wote wakielewa, wote wakicheka mahali pamoja.

Kwa nini hapo, na si Mombasa au Unguja, ambako lugha ni ya mama? Pwani ilikuwa na utenzi na shairi, sanaa zilizokomaa kwa karne nyingi, na mshairi wa Pwani hakuhitaji jukwaa la aina ya Kiingereza ili asikike. Alliance ilikuwa na kitu kingine. Ilikusanya bwenini Mgiriama kama Ronald Ngala, Mkalenjin kama Jean-Marie Seroney, Wagikuyu, Waluo, Wakamba, Waluhya, Wataita. Ilikuwa na jukwaa lililozoea tamthilia ndefu yenye maonyesho na vitendo. Naamini ndoa ya Kiswahili na tamthilia ya maandishi ilifungwa hapo kwa sababu vijana wale walikuwa na umbo mkononi na hadhira mchanganyiko mbele yao, na lugha pekee iliyoweza kuviunganisha viwili hivyo haikuwa ya mwalimu mkuu wala ya nyumbani kwa mmoja wao.

Ngũgĩ mwenyewe, alipokuwa akieleza baadaye chanzo cha maigizo ya wananchi nchini Kenya, aliwataja wenzake hao. Mwaka 1977, Kamirithu, kijiji kilekile alichokikuta baada ya nyumba yao kubomolewa, yeye na Ngũgĩ wa Mirii walitunga pamoja na wanakijiji tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda. Serikali iliipiga marufuku, naye akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Njia kati ya ukumbi wa Menengai na uwanja wa Kamirithu haijanyooka, lakini ipo.

Uhuru ulipofika Desemba 1963, wanafunzi wa zamani wa Alliance walijaa katika baraza la mawaziri na utumishi wa umma. Gichuru, Odinga, Julius Kiano, Jeremiah Nyagah, Mbiyu Koinange, Charles Njonjo, Kenneth Matiba: mtu angeweza kudhani serikali ni mkutano wa wanafunzi wa zamani. Tusisahau kwamba waligeukiana pia. Odinga alitiwa kizuizini mwaka 1969 na serikali iliyojaa wenzake wa shule. Seroney mwaka 1975. Matiba mwaka 1990. Kaulimbiu ya shule, kuwa imara ili kutumikia, waliisoma wote ukutani, na kila mmoja akaijibu kwa namna yake. Kizazi kilichofuata kikawatoa akina James Orengo na Anyang' Nyong'o, waliosumbuana na serikali hadi mfumo wa vyama vingi uliporudi.

Wasichana nao wana sehemu yao. Wachache walisomea humohumo shuleni kwa wavulana kabla ya mwaka 1948, ilipoanzishwa shule yao jirani, ambayo leo ni Alliance Girls. Wavulana wanaiita Acrossia, kwa kuwa iko ng'ambo tu. Historia yake inastahili makala yake yenyewe, si aya moja katika ya kaka zake.

Sheria ya Elimu ya 1968 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, makanisa yakabaki wadhamini. Alliance ikawa shule ya umma kwa maana kamili, na baadaye ikawa shule ya kitaifa, moja kati ya 18 zilizopokea watoto kutoka kila wilaya kwa mgawo. Mgawo huo ulitunza kile kilichokuwepo tangu 1926: mtoto wa Wajir na wa Kwale kulala kitanda cha juu na cha chini. Mfumo wa 8-4-4, wenye miaka minne tu ya sekondari, ulipoanza mwaka 1985, kidato cha tano na cha sita vikawa vinahesabu siku zavyo. Kuanzia mwaka 2011 serikali ilipandisha shule nyingine nyingi kuwa za kitaifa, na nafasi ya Alliance kileleni mwa matokeo ya KCSE ikaacha kuwa jambo la uhakika. Binafsi naliona hilo kuwa habari njema kwa Kenya.

Kuna mwaka ambao shule haiwezi kuuruka. Mapema 2017 ilibainika kwamba viranja na wanafunzi wa madarasa ya juu walikuwa wakiwapiga na kuwatesa wadogo zao mabwenini, mambo yaliyofichwa kwa jina la mila ya shule. Wizara ilituma wachunguzi, taarifa ikasomwa na nchi nzima, uongozi ukabadilika. Wapo waliolalamika kwamba jina la shule limechafuliwa magazetini. Waliochafuliwa ni wale watoto.

Mwaka 2025 ulipita bila kidato cha kwanza Alliance, wala katika shule yoyote ya upili nchini, kwa sababu mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mwaka 2023 na watoto wa mtaala mpya walikuwa bado sekondari msingi. Januari 2026 wakaja wa kwanza wa Gredi ya 10, sekondari pevu, kila mmoja akiwa amechagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mkondo wa tatu unawapa masomo ya maigizo kwa jina lake, jambo ambalo Kuria na wenzake walilifanya kwa hiari baada ya kazi za darasa.

Kidato cha nne wa mwaka huu, wakati huohuo, wanajiandaa kwa KCSE na tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kama kitabu teule. Wanaichambua mhusika kwa mhusika, onyesho kwa onyesho, kama wanavyofanya wenzao Lodwar na Lamu. Nakupenda Lakini haimo kwenye orodha yao, na simjui mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuishika mkononi. Kama kuna nakala iliyosalia katika maktaba ya Bush, mwaka huu ndio wa kuitoa kabatini na kuwapa wale wa Gredi ya 10 waipandishe jukwaani, kwa Kiswahili, mbele ya watu wa Kikuyu na Thogoto waliojenga nyumba zao mpaka kwenye ua wa shule.